Tairi la Gari Dogo na Mvua ya Saa Kumi

Leo naweka kando siasa na bei ya unga, nazungumzia matairi. Si ya lori wala ya teksi za abiria. Nazungumzia matairi ya gari dogo lenye mbio: zile Polo GTI zinazotupita hapa Randburg, Johannesburg, kila jioni zikinguruma, Suzuki Swift Sport, na Ford Fiesta ST za miaka ya nyuma ambazo bado zina wapenzi wake. Wengi mnaonisikiliza kutoka mitaa ya Windsor, Ferndale na Cresta mna gari la namna hii, au mnalipigia hesabu. Na penye vijana wanne na gari moja, swali halikawii: nifunge tairi gani?

Nitoe jibu mapema, halafu tulijadili. Hapa Randburg, tairi la gari la spoti lichagulie mvua na mashimo. Lami kavu isikukoseshe usingizi, kwa sababu tairi lolote la heshima litaimudu.

Mwenye gari la spoti kwa kawaida hufikiri kinyume. Anawaza kona ya Jumapili asubuhi, jua limewaka, barabara tupu. Anawaza Kyalami, ule uwanja wa mbio ulio njiani kuelekea Pretoria, uliofunguliwa mwaka 1961 na ambako Formula 1 ilikimbiwa miaka mingi, mara ya mwisho 1993. Ndoto hiyo si dhambi. Lakini Kyalami huenda akaingia mara moja kwa mwaka, akiingia. Barabara ya Malibongwe anaipita kila siku, kwenda na kurudi.

Na Malibongwe ina tabia zake. Ninachotaka kukwambia ni hali yake saa kumi jioni, mwezi wa Novemba. Asubuhi jua lilikuwa kali. Mchana mawingu yakaanza kujikusanya upande wa magharibi. Sasa radi inapiga, matone ya kwanza yanaanguka mazito juu ya bodi za magari, na kabla hujafunga dirisha vizuri maji yameshatanda kutoka ukingo mmoja wa lami hadi mwingine. Taa za kuongozea magari, ambazo wenyeji wanaziita roboti, zimezimika. Mbele yako mtu amekanyaga breki ghafla.

Sisi tuliokulia pwani ya Afrika Mashariki tunajua mvua ya masika. Inaanza alfajiri, inanyesha mpaka jioni, na dereva anaondoka nyumbani akijua leo ni siku ya maji. Mvua ya Johannesburg huvizia. Unaondoka kazini pakavu, unafika nyumbani umelowa, na katikati ya safari moja barabara imebadilika mara mbili. Halafu kuna jambo ambalo mgeni hulijua kwa kuchelewa. Kuanzia Juni hadi Agosti hapa karibu hakuna tone. Kwa miezi hiyo lami inanyonya mafuta yanayovuja kwenye injini, vumbi la breki na unga wa mpira wa matairi, na hakuna cha kuisafisha. Mvua za kwanza za Septemba na Oktoba zinapokutana na uchafu huo, barabara inateleza kuliko itakavyoteleza mwezi wa Januari mvua ikishazoea. Tairi ambalo Agosti ulilisifu kwa kushika kona, ndiyo kwanza linaingia kwenye mtihani.

Sasa tuangalie lenyewe tairi linafanya nini. Gari lote limesimama juu ya vipande vinne vya mpira, na kila kimoja kinachogusa lami hakizidi sana kiganja cha mkono wako. Swift Sport ina uzito wa chini kidogo ya tani moja. Polo GTI inapita tani moja na robo, na injini yake ya lita mbili yenye turbo inatoa kilowati 147, zote zinapitia magurudumu ya mbele. Magurudumu hayo hayo mawili yanavuta gari, yanakata kona, na ukikanyaga breki yanabeba sehemu kubwa ya kazi. Na hapa juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake, lakini ya turbo hujisukumia hewa yake yenyewe na haisikii sana mlima. Ndiyo maana vigari hivi vya turbo vinatamba Johannesburg. Nguvu zote zipo. Swali ni kama vile viganja viwili vya mbele vinaweza kuzipeleka kwenye lami yenye maji.

Maji yakiwa barabarani, kashata za tairi na mifereji iliyo katikati yake ndizo zinazoyakamata na kuyatupa pembeni ili mpira uifikie lami. Ukienda kasi kuliko uwezo wa mifereji hiyo kuondoa maji, tairi linapanda juu yake. Usukani unakuwa mwepesi ghafla, unazungusha na gari haliitiki. Dereva mwenye uzoefu anaondoa mguu kwenye mafuta taratibu na kungoja. Asiye na uzoefu anakanyaga breki na kuzungusha usukani, na magurudumu yakirudi kushika lami gari linaruka upande aliougeuzia. Tairi pana, ambalo kila kijana analitaka kwa sura yake, ndilo linalopanda juu ya maji mapema zaidi ikiwa kina cha kashata ni kile kile. Hilo muuzaji wa rimu hakwambii.

Tairi jipya la gari la namna hii huwa na kina cha milimita saba hadi nane hivi. Ndani ya mifereji kuna vijivimbe vidogo vya mpira. Kashata zikilika hadi kulingana navyo, zimebaki milimita 1.6. Sheria ya Afrika Kusini inasema tairi lenye vijivimbe hivyo likishafika hapo halifai tena barabarani. Mimi naona ni kuchelewa. Kwa mvua za hapa, tairi la gari lenye mbio likifika milimita tatu, anza kutafuta fedha. Na usidanganyike na siku kavu. Tairi kipara kwenye lami kavu hushika vizuri kabisa, wakati mwingine kuliko jipya, na magari ya mbio hukimbia na matairi yasiyo na kashata hata moja. Ndiyo maana mtu anakwambia "mbona gari langu halina shida?" Halina shida mpaka saa kumi jioni.

Niweke na mpaka wa maneno yangu. Tarehe 9 Novemba 2016 mafuriko ya ghafla yaliyasomba magari kwenye barabara kuu za mashariki ya jiji hili na watu wakafa. Maji yanayotembea, yaliyofika nusu ya gurudumu, hayana tairi la kuyashinda. Hapo unageuza, unasubiri.

Tuje dukani. Kabla hujazungumza bei, chuchumaa usome ubavu wa tairi. Kwenye Polo GTI utakuta maandishi kama 215/45R17 87W. Mia mbili kumi na tano ni upana kwa milimita. Arobaini na tano ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo. Kumi na saba ni inchi za rimu. Themanini na saba ni alama ya mzigo, maana yake kila tairi linabeba hadi kilo 545. W ni kasi, kilomita 270 kwa saa. Swift Sport ya kizazi cha karibuni inavaa 195/45R17, na 81 yake ni kilo 462, kwa sababu gari ni jepesi. Usishuke chini ya alama za mtengenezaji wa gari, hata muuzaji akiapa. Bima nyingi za hapa zina kifungu kinachoruhusu kukataa madai ikiwa gari halikustahili kuwa barabarani, na baada ya ajali matairi huangaliwa mapema sana.

Endelea kuzungusha jicho ubavuni. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne. Ukiona 2324, tairi hilo limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2024. Hapa wengi wetu tunatakiwa kubadili mazoea ya nyumbani. Gari la mtumba kutoka Japani huteremka Dar es Salaam au Mombasa na matairi yake, kashata zinameta, na mwenye gari anafurahi kuwa amepona gharama. Lakini mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Unakakamaa, unapoteza ulaini unaoshika lami. Jua la nyanda hizi za juu nalo halina huruma, unaliona kwenye nyufa ndogondogo za ubavuni. Tairi la spoti lililopita miaka mitano lipeleke likaguliwe na fundi, hata kama bado lina kashata. Na jipya dukani likiwa na umri wa miaka mitatu, mwambie muuzaji akuletee lingine.

Matairi mengi pia hubeba alama tatu zinazotakiwa na serikali ya Marekani, na ya kwanza ndiyo inayowapoteza vijana: TREADWEAR, yaani uchakavu. Tairi hujaribiwa kwenye barabara maalumu huko Texas likilinganishwa na tairi la kipimo lililopewa 100. Lenye 300 linatarajiwa kudumu mara tatu. Kampuni yenyewe ndiyo inayojipa namba hiyo, kwa hiyo usiilinganishe kwa imani kubwa kati ya chapa na chapa. Hata hivyo inakuonyesha kundi. Toyo R888R ina 100. Yokohama Advan A052 na Bridgestone Potenza RE-71RS zina 200. Michelin Pilot Sport 4 ina 320. Haya ya 100 na 200 ndiyo yanayosifiwa kijiweni, kwamba yananata. Ni kweli yananata, lami ikiwa kavu na mpira ukiwa umepata moto. Lakini yana mifereji michache, yanaliwa upesi, yanaokota kokoto na kuzirusha chini ya bodi, na kwenye maji yaliyotuama yanakuwa mzigo. Asubuhi ya Julai hapa, joto likiwa nyuzi nne au tano, mpira wake bado umelala wakati wewe umeshafika Republic Road. Swift ya tani moja haina hata uzito wa kuyapasha moto vizuri ukiwa kwenye foleni.

Kwa hiyo ya 100 na 200 waachie wanaokwenda Kyalami, wenye seti ya pili ya rimu gereji. Wewe unayefunga seti moja ya kutumia Januari mpaka Desemba, baki na kundi linaloitwa la kiangazi, la daraja la juu: Michelin Pilot Sport 4 au mrithi wake Pilot Sport 5, Goodyear Eagle F1 Asymmetric, Bridgestone Potenza Sport, Continental ya familia ya PremiumContact na SportContact. Siri ya kundi hili iko kwenye mpira wenyewe. Tangu miaka ya 1990 watengenezaji wamekuwa wakichanganya silika kwa wingi pamoja na masizi meusi ya zamani, na silika ndiyo iliyowezesha tairi kushika lami yenye maji bila kula mafuta mengi. Na tofauti zao? Potenza Sport inasifika kwa kushika, si kwa kudumu. Michelin inasifika kwa kudumu. Kama unapita kilomita nyingi kwenda Sandton kila siku, hesabu hiyo utaifanya mwenyewe.

Kwa matairi ya Ulaya kuna msaada mwingine, kile kibandiko chenye picha ya wingu la mvua. Tangu Mei 2021 kimepangwa kutoka A hadi E. Herufi iliyo kwenye wingu inaeleza breki kwenye barabara yenye maji. Ningekuwa na herufi moja tu ya kuangalia dukani, ningeangalia hiyo. Kama kibandiko kimeshabanduliwa, mwambie muuzaji akuonyeshe kwenye simu. Taarifa hizo ziko wazi kwa kila mtu. Kati ya tairi zuri na la bei ya chini kabisa, ukifunga breki kwenye maji tofauti huwa mita kadhaa, mara nyingine urefu wa gari zima na zaidi. Mita hizo ndizo zinazoamua kama umesimama nyuma ya mwenzako au umeingia kwenye buti lake.

Sasa mashimo. Hapa ndipo nina ugomvi na vijana.

Polo GTI hutoka kiwandani Kariega, kule Eastern Cape, na rimu ya inchi 17, na kwa anayelipa zaidi inchi 18. Ya 17 inavaa 215/45, ya 18 inavaa 215/40. Piga hesabu: ubavu wa kwanza ni karibu milimita 97, wa pili ni 86. Milimita kumi na moja. Kwa macho ni kitu kidogo, na gari linapendeza, sikatai. Lakini milimita hizo ni mpira na hewa vilivyokaa kati ya rimu yako na ukingo wa shimo. Ukitumbukia shimo lenye ukingo mkali kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, ubavu unabanwa kati ya rimu na lami. Nyuzi za ndani zinakatika. Tairi halipasuki pale pale. Kesho yake asubuhi unakuta nundu imetokeza ubavuni, laini ukiibonyeza kwa kidole. Tairi hilo limekwisha, hata kama umelinunua mwezi uliopita. Hakuna fundi wa pancha anayeweza kuziba nundu, na anayekuambia anaweza mkimbie. Kesho kutwa litabasti ukiwa barabara kuu ya N1.

Hali ya mashimo mnaijua. Barabara za mitaa ziko chini ya wakala wa barabara wa jiji, JRA, na foleni yao ya viraka ni ndefu. Mwaka 2021 kampuni mbili za bima, Discovery Insure na Dialdirect, ziliungana na jiji kuanzisha kikosi cha kuziba mashimo. Kampuni ya bima haishiki koleo kwa mapenzi ya koleo. Ilishaona malipo ya rimu na matairi yanakwenda wapi. Na shimo la hatari ni lile lililojaa maji, kwa sababu hulioni. Yaani adui zetu wawili, mvua na shimo, wanafika pamoja.

Kwa hiyo kama unanunua gari na muuzaji anakupa chaguo, chukua inchi 17. Kama gari lako limeshavaa 18, usiende 19. Na kama mtengenezaji wa gari anaruhusu rimu ndogo zaidi inayopita breki zako, usione haya kuivaa. Mzunguko wa gurudumu ukibaki ule ule, kipima mwendo chako hakitadanganya, na gari litapita juu ya viraka vya Bram Fischer Drive bila kukuvunja kiuno. Ukipata tairi la saizi yako lenye alama XL, mwili wake huwa umeimarishwa kubeba zaidi, na kwa barabara hizi si fedha iliyopotea.

Upepo nao una mambo yake hapa. Presha sahihi imeandikwa kwenye mlango wa dereva au kifuniko cha mafuta, wala si ile ya juu kabisa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Petroli tunajaziwa na wahudumu, na wahudumu hao hao hutujazia upepo kwa ukarimu. Lakini mwambie namba, usimwambie "jaza". Mwambie asubuhi, tairi likiwa bado baridi, kwa sababu kila nyuzi kumi za joto hubadilisha presha kwa karibu 0.1 bar. Kijana anayejaza kwa wingi ili shimo lisimpate anafanya tairi lishike lami kwa katikati tu, na breki zake kwenye maji zinadhoofika. Anayepunguza ili gari "likae chini" anaukaribisha ule ubavu kubanwa.

Na kuna jambo la watu wa huku juu. Ukijaza 2.3 bar Randburg ukateremka Durban likizo ya Desemba, geji ya ufukweni itasoma karibu 2.1 ikiwa joto ni lile lile. Hujapata pancha. Geji hupima tofauti kati ya hewa iliyo ndani na hewa ya nje, na hewa ya Durban ni nzito kuliko ya hapa. Kwa kuwa Durban kuna joto zaidi, sehemu ya upungufu hujirudisha yenyewe. Pima upya asubuhi ya kwanza ukifika, ongeza kinachopungua, na ukirudi Johannesburg pima tena, maana sasa geji itazidi.

Tuseme kidogo juu ya bei, kwa sababu najua wengine mmeshaanza kuguna. Matairi ya bei nafuu kutoka China yamejaa sokoni, na mwaka 2023, baada ya watengenezaji wa hapa kulalamika kwamba yanauzwa kwa bei ya kutupa, Afrika Kusini iliyawekea ushuru wa ziada. Ushuru haukuviokoa viwanda vyote. Mwaka 2025 Goodyear ilitangaza kufunga kiwanda chake cha Kariega, mji ule ule zinakotoka Polo. Sisi wa Afrika Mashariki hadithi hiyo tunaifahamu: Arusha ilikuwa na General Tyre, Nairobi ilikuwa na Firestone iliyokuja kuwa Sameer Africa, wenye matairi ya Yana, nao wakasimamisha uzalishaji Nairobi mwaka 2016. Sisemi kila tairi la China ni baya. Yapo yanayofanya kazi yake vizuri kwenye gari la kawaida la kwenda sokoni. Lakini umenunua gari la kilowati 147, umelifunga ekzosti ya kuamsha mtaa, halafu unalivika tairi la bei ya chini kabisa dukani? Ekzosti ingesubiri. Na tairi la mtumba la pembeni ya barabara, lililochongwa mifereji upya kwa kisu cha moto, usiliguse. Kisu hicho kimekula mpira uliokuwa unazilinda nyuzi.

Fedha ikitosha manne, nunua manne, ya aina moja. Ikitosha mawili tu, mapya yafungwe nyuma, hata kama gari linavuta kwa mbele. Hapa mafundi wengi hubishana na mteja, na mteja hubishana na mafundi. Sababu yake ni hii: mbele ikiteleza kwenye maji gari linakwenda moja kwa moja, nawe unalihisi kwenye usukani na kupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, gari linazunguka, na ni wachache kati yetu wanaoweza kulirudisha. Hakikisha pia upande ulioandikwa OUTSIDE umetazama nje, na kama kuna mshale, uelekee mbele. Nimeona matairi ya gharama yamefungwa kinyume. Lipa balansi na alaimenti siku hiyo hiyo, na kila ukipigwa na shimo kubwa rudia alaimenti. Vinginevyo kingo za ndani zitalika kimyakimya na nje utaendelea kuona kashata nzuri.

Hukumu yangu kwa mwenye Polo GTI wa Randburg, basi, ni rimu ya 17, saizi ya kiwandani, tairi la kiangazi la daraja la juu lenye A kwenye wingu la mvua, na kama fedha inaruhusu kuchagua, lile linalosifika kudumu. Kwa mwenye Swift Sport ni hivyo hivyo kwa saizi yake, na yeye ana bahati, matairi yake ni membamba na gari ni jepesi. Mvua za kwanza huja Septemba na Oktoba. Kabla ya hapo, asubuhi moja ukiwa hujawasha gari, zunguka magurudumu yote manne, soma zile tarakimu nne za DOT, pitisha kiganja ubavuni mpaka upande wa ndani, angalia vijivimbe kwenye mifereji. Ukikuta nundu au kipara, gari hilo lisipande Malibongwe tena mpaka tairi libadilishwe.